Kitu Cheupe Shambani kwa Kvamme

Mume wangu, Merle Tvedt, aliendesha greda la wilaya miaka thelathini na moja, na upande wetu huu wa Iowa hakuna barabara ya changarawe ambayo hajaikwangua theluji. Watu wakikisikia kile chuma alfajiri, kabla hawajatoka kitandani, walikuwa wakisema, Merle huyo, leo tutafika kazini. Wanampenda. Akikutana na gari alikuwa akiinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, hata kama dereva hamjui, na hajapata kumkatalia mtu aliyekwama mtaroni. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani nimeyasahau. Nimeishi na mtu mwema miaka thelathini na mitatu. Wema wake nimeuona ukipita mbele ya dirisha langu ukielekea kwa wengine.

Habari za ndege Merle alifundishwa na Mwalimu Lowell Einertson, aliyesomesha sayansi hapa kwetu mpaka mvi zikamjaa. Mimi shule niliiachia darasa la nane. Mama alipooza upande mmoja, kulikuwa na ng'ombe arobaini wa kukamua, na baba akasema tuwaache kwanza kaka zangu wamalize. Walimaliza. Hakuna aliyerudi kuniambia sasa ni zamu yako. Ndege niliwajua kwa dirisha la zizi, asubuhi na jioni, kabla sijasikia kwamba kuna watu wanaowaandika vitabuni. Nilipoolewa, Merle alikuwa na kitabu, mimi nilikuwa na macho. Mimi nasema, "Yule pale, mti wa tatu, tumbo lina madoa," yeye anafunua kurasa ananipa jina. Jioni jina lile likisomwa mbele ya watu, lilisomwa kuwa ni ndege wa Merle.

Maana kwetu kuna siku ya hesabu. Jumamosi ya mwisho kabla ya Mwaka Mpya, baridi ikiwa imeshika hasa, tunagawana barabara na vijito vipande saba, na kila kipande kina watu wake wa kuhesabu kila ndege waliyemwona tangu jua lichomoze hadi litue. Jioni tunakutana chini ya kanisa, kwenye ukumbi wenye jiko, tunakula supu ya maharage na zile chapati za viazi walizotufundisha bibi zetu, na Mwalimu anasoma orodha. Akitaja ndege, kila kipande kinajibu idadi yake. Ukutani kuna ubao wa mwaloni alioutengeneza mwenyewe. Una jina la kila ndege aliyewahi kuonekana siku ya hesabu, na kando yake jina la mtu wa kwanza aliyemwona. Merle yupo mara tisa kwenye ubao huo. Saba kati ya hao tisa niliwaona mimi kwanza.

Kwa ndege asiyetazamiwa kuna sharti. Lazima wawe watu wawili walioona. "Mdomo mmoja si ndege," Mwalimu husema, na hapo hana mjadala.

Miaka kumi na minne iliyopita nilimwona bundi mweupe. Huyo ni ndege wa kaskazini kabisa, kwenye barafu. Mwaka mmoja mmoja njaa humsukuma huku chini, lakini siku ya hesabu hakuwa amewahi kuonekana hata mara moja. Mwalimu alikuwa ameshachonga jina lake kwenye ubao, nafasi ya mwonaji akaiacha tupu, kama mtu anavyomwekea mgeni kiti. Nilimwona shambani kwa Kvamme, kando ya kijito, amekaa chini kati ya mabua ya mahindi. Nilimpa Merle darubini. Alitazama muda mrefu mpaka kahawa yake ikapoa mkononi. Akasema, "Aha." Hiyo tu. Niliichukua ile aha kuwa ndiyo.

Jioni nikasema mbele ya watu, mara ya kwanza maishani mwangu kusema chochote pale. Mwalimu akauliza, "Nani pamoja naye?" Wote wakamgeukia Merle. Akafuta mdomo.

"Mimi niliona kitu cheupe tu," akasema. "Huenda ni dumu."

Dumu la plastiki, lile la dawa ya kufulia. Upepo hulipeperusha hadi mashambani, na mtu asiyezoea akiliona kwa mbali husimamisha gari. Mwalimu akarudia aliyoyasema tangu asubuhi, kwamba majira yale bundi hawakushuka, alikuwa ameuliza kila mahali. Watu wakacheka. Mwaka uliofuata LaVonne Brekke, dada yake Mwalimu, akaja na dumu jeupe alilolichora macho mawili ya manjano na mdomo, akaliweka mbele ya sahani yangu. Likawa desturi. Kila mwaka dumu lilitolewa kabatini na kukaa nami mezani, na jina langu likawa Mama Dumu. Kwetu huku mtu hatukanwi. Anataniwa, na asipocheka ndiye mwenye kosa. Nilicheka miaka kumi na minne.

Kicheko ningekivumilia. Lakini kwenye mwaka wa tano au wa sita nilianza kuamini kwamba lilikuwa dumu. Duniani nilikuwa na kitu kimoja ambacho sikukiazima kwa mtu, macho yangu, na nikaanza kuyatilia shaka. Nikiona ndege nilinyamaza mpaka mwingine aseme.

Sasa macho yaliyokufa ni ya Merle. Yanakufa katikati. Akikutazama usoni haoni uso, anaona masikio na mabega. Ili akuone lazima atazame kando yako. Daktari alimwambia kwamba kufika kiangazi hata kando hapatakuwa na kitu. Miaka yote alinitazama asinione, nikamwambia LaVonne dukani, sasa ana cheti cha daktari. LaVonne hakucheka. Mzaha wangu huwa haufiki.

Kwa hiyo hesabu ya majira haya ilikuwa ya mwisho kwake, na mimi ndiye nilikuwa dereva. Asubuhi kanisani Mwalimu alimpa karatasi kama kawaida. Merle akaipapasa, akanipitishia.

"Mwandishi ni yeye mwaka huu."

Mwalimu alinitazama juu ya miwani. Ana miaka themanini na minne, na bado husimama kama aliyeshika chaki. "Ni vijiti tu, Arlys," akasema. "Vitano vitano. Huwezi kukosea."

"Akikosea tutajua," LaVonne akasema akimimina kahawa. "Dumu moja, madumu mawili."

Tukatoka saa moja na nusu, jua likiwa jekundu bila joto. Nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Theluji ilikuwa ngumu, inalia chini ya tairi.

"Teremsha vioo, mama," Merle akasema.

"Tutaganda."

"Ndege hawapigi hodi."

Nikateremsha. Ndivyo tunavyofanya: unakwenda polepole, kila nusu maili unasimama, unazima injini, mnasikiliza. Kwa Brekke kulikuwa na njiwa juu ya ghala, wamejikunyata upande wa jua.

"Wangapi?"

"Thelathini na wanne."

"Weka thelathini na watano."

"Ni thelathini na wanne, Merle."

"Kuna mmoja nyuma. Siku zote kuna mmoja nyuma."

Nikaandika thelathini na wanne. Ndivyo alivyo. Huzidisha kidogo ili mambo yakae vizuri, na akimaliza haoni kwamba amedanganya.

Kwa Sorlie tukapita bundi wa plastiki aliyefungwa kwenye paa la zizi kutisha njiwa. Kila mtu mgeni kwenye hesabu humwandika huyo, naye Mwalimu humfuta jioni kwa furaha. "Msalimie," Merle akasema, nami nikapiga honi mara moja kama tulivyozoea tangu ujana. Sikuwa nimepanga kupiga. Mkono ulikwenda wenyewe.

Saa nne tukafika darajani. Kijito pale hakigandi, kwa sababu ya chemchemi iliyo chini ya mwamba, na asubuhi ya baridi maji hutoa mvuke kama sufuria. Bata walikuwa mia moja na kumi na wawili. Nikawahesabu mara mbili, Merle akiwa ameegemea ukingo wa daraja, kofia imeshuka masikioni.

"Mdiria," akasema.

"Wapi?"

"Juu ya maji, upande wa mkuyu. Hukumsikia?"

Sikuwa nimemsikia. Nikatazama, na kweli alikuwepo, kichwa kikubwa kimevimba kwa baridi, anashuka na kijito akipiga ile kelele yake ya kibiriti kinachotikiswa. Merle alitabasamu akitazama mahali ambapo mdiria hayupo. Nikaandika kijiti kimoja. Nilimwonea huruma pale darajani, sikatai. Nikamfungia skafu vizuri shingoni. Tukala mkate na nyama baridi ndani ya pikapu, nikammenyea yai, akasema, "Umekuwa macho mazuri, mama." Sikujua alimaanisha leo au miaka yote, na sikuuliza. Mtu aliyenyimwa sifa muda mrefu huwa haulizi, akiogopa zitarudishwa.

Shamba la Kvamme huwa la mwisho kabla ya kurudi kijitoni upande wa chini. Tulifika kama saa nane mchana. Nilipunguza mwendo, na kabla sijakusudia nikawa nimetazama mahali palepale. Kulikuwa na kitu cheupe kati ya mabua.

Dumu, nikajiambia. Nikaendelea na mwendo. Gari likaenda hatua ishirini hivi, nami najiambia dumu, dumu, Arlys usianze. Halafu nikasimama. Nikachukua darubini.

Kile kitu kikageuza kichwa. Kikakizungusha mpaka macho ya manjano yakanitazama moja kwa moja, yamefumbwa nusu, kama ya mtu aliyeamshwa.

"Kuna nini?" Merle akauliza.

Nikafuta vioo vya darubini, nikatazama tena.

"Mama, kuna nini?"

"Bundi mweupe," nikasema. Sauti yangu niliisikia kama ya mtoto anayesoma mbele ya darasa. "Tazama mnara wa maji. Shuka nao mpaka kwenye mabua. Kushoto, vidole viwili."

Alitazama mnara, akasogeza uso kando, akausogeza tena, mdomo wazi. "Simwoni. Simwoni, Arlys."

Nikatoa simu nikapiga picha. Ilitoka nukta nyeupe. Dumu lingetoka vilevile. Halafu betri ikafa kwa baridi.

Ndipo bundi akaruka. Aliinuka polepole, mabawa mapana kuliko unavyodhani, akapita chini juu ya mabua bila sauti yoyote, akaja upande wetu, akakata barabara mbele ya pikapu akienda kijitoni. Hapo Merle alimwona. Alimwona kwa ule ukingo wa macho uliobaki. Alinishika mkono, na machozi yakamtoka yakaanza kuganda kwenye ndevu.

"Nimemwona," akasema. "Nimemwona, mama. Kama yule wa mwaka ule. Naye aligeuza kichwa hivyo hivyo kabla hajaruka."

Injini ilikuwa imezimwa. Nilisikia mabua yakisuguana.

"Mwaka upi?" nikauliza.

Akapapasa magotini akitafuta kofia iliyokuwa kichwani mwake.

"Merle. Mwaka upi?"

"Unaujua."

"Ulimwona akigeuza kichwa."

"Ilikuwa zamani, mama."

"Dumu haligeuzi kichwa."

"Haligeuzi," akasema.

Nikafunga vioo vyote viwili. Sikutaka hata shamba lisikie. Nikamwuliza kwa nini, na akanijibu kwa upole, kama anavyomwelekeza mtu njia iliyo salama.

"Mwalimu alikuwa ameshasema hawakushuka majira yale. Ningebishana naye mbele ya watu? Wangetucheka wote wawili. Nikaona heri achekwe mmoja."

"Na huyo mmoja nikawa mimi."

"Wewe hukuwa na la kupoteza pale, Arlys. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake."

Nilitaka aseme jambo lingine lolote. Aseme aliogopa, aseme alikuwa mpumbavu. Lakini alikuwa ameeleza, na kwake jambo likieleweka limekwisha. Akafuta ndevu kwa glavu, uso ukachangamka tena.

"Leo tutaliweka sawa," akasema. "Jioni mimi nitatangaza, wewe utakubali. Jina litaingia kwenye ubao."

"Jina la nani?"

"Letu." Akafikiri kidogo. "Ubao una nafasi ya jina moja. Lakini watu watajua ulikuwepo. Ni hesabu yangu ya mwisho, mama. Kitu kimoja hicho."

Nikawasha gari. Tukashuka hadi kijitoni upande wa chini tukahesabu kunguru, vigogota watatu, na kundi la vijindege vyeupe vinavyoinuka barabarani na kutua tena kama karatasi zilizochanwa. Kila mahali aliuliza wangapi, nami nikamwambia idadi kamili, nikachora vijiti. Bundi sikumwandika. Hakuuliza kama nimemwandika. Hakuwahi kuuliza jambo lililo mkononi mwangu, alijua tu kwamba limefanyika.

Jioni ukumbi ulikuwa na joto na harufu ya vitunguu na makoti mabichi. Dumu lilikuwa limekaa mahali pangu. Rangi ya jicho moja imebambuka, limekuwa kama linakonyeza. Nikakaa nalo.

Mwalimu akasoma orodha. Bata bukini. Bata. Njiwa. Kila kipande kikajibu, na kwa kipande chetu nilijibu mimi, watu wakashangaa kidogo kusikia sauti yangu ikisema namba. Alipofika mwisho akavua miwani, akauliza kama ilivyo desturi, "Kuna wa ziada?"

Merle akasimama. Watu hawasimami pale, hujibu wakiwa wamekaa na kijiko mkononi, kwa hiyo vijiko vikawekwa chini. Alishika meza kwa vidole. Alisimulia vizuri, lazima niseme. Mnara wa maji, mabua, mabawa yasiyo na sauti, namna alivyokata barabara mbele yetu. Hakusema nani alisimamisha gari. Aliposema, "Bundi mweupe, Mwalimu," sauti ilimkatika, na wanaume waliomjua tangu utoto wakatazama sahani zao.

LaVonne akanyoosha mkono polepole, akaliondoa dumu mbele yangu, akaliweka sakafuni chini ya meza. Hakunitazama usoni alipofanya hivyo. Nadhani aliona aibu. Mwalimu alikuwa ameshainuka na kwenda kwenye ubao, penseli mkononi, ameweka kidole kwenye ile nafasi iliyokaa tupu miaka yote. Alijua jibu. Aliuliza tu kwa sababu ni sharti.

"Nani pamoja naye?"

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na nafasi ya kujibu, ndefu ya kutosha. Niliyajua yote mawili, ya ndiyo na ya hapana. Nikisema ndiyo, jina la Merle lingeingia mara ya kumi, na kila mtu pale angejua kwamba miaka kumi na minne iliyopita sikuwa mjinga. Wangeniomba radhi, wangeleta keki. Ningeipata heshima yangu kwa kuipitisha tena mdomoni mwake, kama ndege wengine wote.

Nikafuta mdomo.

"Mimi niliona kitu cheupe tu," nikasema. "Huenda ni dumu."

Mwanzo hakuna aliyecheka. Halafu mtu wa meza ya nyuma akaguna, akafuata mwingine, na kicheko kikaja, kile kicheko chetu chema. "Macho hayo, Merle," wakamwambia. "Sasa mko wawili. Baba Dumu na Mama Dumu." Yeye akacheka nao kidogo, maana asiyecheka ndiye mwenye kosa. Mwalimu akarudisha penseli mfukoni, akaja akamgusa bega.

"Mdomo mmoja si ndege, mwanangu," akasema kwa huruma. Huruma ile mimi sikuipata hata chembe, mwaka wangu.

Merle akakaa. Akageuza uso akaukabili ukuta ulio kando yangu, akautazama kwa muda mrefu. Nilijua ananiona.

Njiani kurudi hatukuteremsha vioo. Tulipofika nyumbani, nikiwa nimeshazima gari, akasema, "Ulimwona."

"Nilimwona."

"Basi kwa nini, Arlys?"

"Wangetucheka wote wawili," nikasema. "Nikaona heri achekwe mmoja."

Akapapasa mlango, akashuka. Niliingia nikapasha maziwa, nikamwekea kikombe chake mkono wa kulia anapokijua. Nilidhani kifua kitakuwa chepesi. Hakikuwa. Nilikuwa kama mtu aliyepiga teke mlango wa nyumba yake mwenyewe akaona kweli umevunjika.

Dumu nililichukua nikaenda nalo nyumbani, hakuna aliyenizuia. Nimelikata sehemu ya chini, na mdomo wake ni mzuri kwa kuchotea mbegu za alizeti ninazowamwagia ndege nje ya dirisha la jikoni. Yule bundi bado yupo shambani kwa Kvamme. Kila nikienda dukani namwona, siku nyingine chini kwenye mabua, siku nyingine juu ya kigingi cha ua, na nimeanza kumjua kwa baka jeusi alilo nalo bawani. Sijamwambia mtu. Theluji ikianza kuyeyuka ataondoka, na kiangazi kikifika Merle hataona hata kando.

Nikirudi na mifuko huwa amekaa jikoni, uso ameuelekeza kwenye jiko ili aone mlango.

"Yupo?" ananiuliza.

"Kuna kitu cheupe," namwambia, na nachota mbegu.